Vitegemezi katika Rust: anza na hoja ya kawaida

Wanaokuja Rust kutoka Java huuliza mapema watumie fremuweki gani kuingiza vitegemezi, yaani vitu ambavyo sehemu ya msimbo huvihitaji kutoka nje ili ifanye kazi yake. Ushauri wangu: anza bila yoyote. Spring, fremuweki ya Java, huzichunguza klasi programu inapoendeshwa, kisha huunganisha vipande yenyewe. Rust haina uchunguzi wa namna hiyo, na kwa kazi nyingi hutauhitaji. Unaunda vitu ndani ya `main`, unavipitisha kwa wanaovihitaji, basi. Ukisahau kimoja, kompaila inakataa kabla programu haijawaka.

Chukua tiketi ya kuingilia kwenye mfumo, yenye muda wa kuisha. Wengi huandika `fn imeisha(&self) -> bool`, na ndani yake wanaita `SystemTime::now()`. Inafanya kazi, ila jaribu kuipima. Utalazimika kuisubirisha programu hadi tiketi iishe kweli, au kutengeneza tiketi ya muda mfupi mno na kuomba mashine isichelewe. Majaribio ya aina hiyo hupita leo na kuanguka kesho bila mtu kugusa msimbo.

Hapo mgeni hukimbilia treiti, yaani orodha ya mbinu ambazo aina huahidi kuwa nazo. Subiri kwanza. Andika `fn imeisha(&self, sasa: SystemTime) -> bool`, na mwili wake uwe `sasa >= self.mwisho`. Umekwisha kuingiza kitegemezi, kwa hoja moja tu, yaani thamani inayopitishwa wakati wa kuita. Mara nyingi kinachotakiwa ni thamani yenyewe, wala si huduma inayoitoa, na nakusihi ulijaribu hili kila mara kabla ya kwenda mbali zaidi.

Treiti inafaa pale msimbo unapohitaji kuuliza tena na tena, mfano kitanzi kinachorudia ombi la mtandao kikipumzika katikati. Hapo tengeneza `trait Saa` yenye `fn sasa(&self) -> u64`, ikihesabu kwa milisekunde. Usiitengenezee treiti kila strakti (aina inayokusanya data pamoja). Hesabu tupu haihitaji. Saa, diski, mtandao na namba za nasibu ndivyo vyenye haja ya kubadilishwa wakati wa kupima.

Kisha unachagua kati ya jeneriki (aina hujulikana wakati wa kukompaili) na `dyn` (mbinu ya kuita hutafutwa programu inapoendeshwa). Jeneriki humpa kompaila aina kamili, naye hutoa nakala ya msimbo kwa kila aina, kwa hiyo mwito unaweza kuyeyushwa pale pale ulipoandikwa. Gharama yake huiona unaposoma: `Huduma<S, H, B>` huambukiza kila strakti inayoibeba. `Box<dyn Saa>` huficha aina hiyo. Kwenye mashine ya biti 64 ni baiti 16, yaani anwani mbili, moja ya data na moja ya jedwali la miito. Kwa kitu kinachosubiri diski au mtandao, gharama ya mwito huo haionekani. Mimi huanza na `dyn`, na jeneriki naiweka kwenye vitanzi vya moto, yaani vinavyorudiwa mara nyingi mno, ambako vipimo vimenionyesha tofauti.

Swali zito zaidi ni nani anamiliki. Ukiweka `&'a dyn Saa` ndani ya strakti, alama ya `'a`, inayoonyesha rejeo hilo linaishi muda gani, itapanda hadi kwa kila anayeishika strakti hiyo. Kitegemezi kinachoishi muda wote wa programu na kutumiwa na nyuzi nyingi (mikondo ya kazi inayoendeshwa sambamba), kipe `Arc<dyn Saa + Send + Sync>`, kisha endelea na kazi: `Arc` huruhusu nyuzi kumiliki kitu kimoja kwa pamoja, nazo `Send` na `Sync` huahidi kuwa ni salama kukipitisha na kukishiriki kati ya nyuzi.

Sasa saa bandia ya majaribio. `sasa` inapokea `&self`, lakini saa lazima isogezwe mbele. `Cell<u64>` inatosha kwenye uzi mmoja, kwani huruhusu kubadilisha thamani hata kupitia rejeo la kusoma tu. Ukiiweka ndani ya `Arc` ile ya juu, kompaila itakataa kwa kuwa `Cell` si `Sync`. Tumia `AtomicU64`, namba ambayo nyuzi nyingi zinaweza kuibadilisha kwa usalama, na kusogeza muda ni kuita `fetch_add` tu. Usilipite kosa hilo harakaharaka. Lisome hadi mwisho, maana linakueleza hasa nyuzi zako zingegongana wapi.

Kuhusu async, yaani msimbo unaoweza kusubiri bila kuuzuia uzi: tangu Rust 1.75 ya Desemba 2023, `async fn` inaruhusiwa ndani ya treiti, lakini treiti ya namna hiyo haikubali `dyn` moja kwa moja. Ukitaka `dyn`, fanya mbinu irudishe `Pin<Box<dyn Future>>`, au tumia kreti (maktaba ya Rust) ya `async-trait` inayokuandikia hilo.