Ailbhe: jina la mtakatifu, la binti mfalme, na la mbwa

SWALI: Mimi ni Mkenya, mume wangu ni wa Ayalandi, na tunaishi Cork. Natarajia kujifungua Septemba na hatujataka kujua kama ni wa kike au wa kiume. Mume anataka jina Ailbhe, anasema linafaa kwa yeyote. Mama yangu, Mombasa, amelisoma kwenye simu akatamka "a-il-bhe". Linatamkwaje, lina maana gani, na kweli ni la wote?

JIBU: Dada, mama hana kosa, amelisoma kama Mswahili yeyote angelisoma. Alfabeti ya jadi ya Kiayalandi ina herufi 18 tu na V haimo, kwa hiyo sauti hiyo huandikwa bh. Ile i nayo haitamkwi. Imewekwa pale kuonyesha kwamba l ni laini, ulimi ukielekea kwenye y, kama n inavyogeuka tukitoka "nana" kwenda "nyanya". Wengi husema "Alva", mkazo mwanzoni. Wenye Kiayalandi cha nyumbani hupenyeza irabu fupi katikati, ikawa karibu na "Aliva", kama sisi tulivyoichukua fikr ya Waarabu tukaifanya fikira.

Maana ina maelezo mawili. La kwanza latoka katika habari za Mtakatifu Ailbhe wa Emly, huko Tipperary, aliyefariki karne ya 6. Mfalme aliamuru kichanga kiuawe. Watumishi wakakionea huruma wakakiacha chini ya mwamba, na mbwa mwitu jike akakinyonyesha. Basi wakasema jina ni ail, mwamba, na beo, hai. Miaka mingi baadaye, mbwa mwitu yule, akikimbizwa na wawindaji, akaja kulaza kichwa kifuani kwa mtakatifu, naye akamkinga. Kisa kitamu, ila nahisi jina lilitangulia na kisa kikatungwa kulifuata. Maelezo ya pili, ambayo mimi naegemea, ni ya wanaisimu: huenda linatokana na mzizi wa kale wenye maana ya "nyeupe", uliozaa pia albus ya Kilatini.

Kuhusu jinsia, mumeo yuko sahihi. Katika hadithi za kale Ailbhe ni binti wa Cormac, mfalme wa Tara. Fionn, shujaa wa hadithi hizo, alipokuja kumposa alimtegea vitendawili, naye akavitegua kimoja baada ya kingine. Kipi chenda mbio kuliko upepo? Fikira. Katika hadithi nyingine Ailbhe ni mbwa wa mfalme Mac Da Thó, aliyelinda jimbo zima la Leinster, hata watu wa majimbo ya Connacht na Ulster wakapigana kwa kumgombea. (Hili la mbwa usimwambie mama.)

Siku hizi wanaopewa ni wasichana zaidi, na wavulana ni wachache. Ukiandikisha ubini kwa Kiayalandi, utata unaondoka wenyewe: Ní au Nic ni wa kike, Ó au Mac ni wa kiume. Mshairi Ailbhe Ní Ghearbhuigh, kwa mfano, hahitaji picha ujue ni mwanamke.

Na kama mtoto atazaliwa tarehe 12 Septemba, hiyo ndiyo sikukuu ya mtakatifu mwenyewe; hapo mumeo hutamweza tena.