Uhakiki wa vitabu vya watoto: anza na picha

Mwalimu wangu, umeuliza uanzeje kuhakiki vitabu vipya vya watoto kuhusu wanyama na mazingira, kwa ajili ya wazazi wa shule yenu hapo Nakuru, ilhali hukusomea fasihi. Anza tu. Kabla hujaandika mstari mmoja, wasomee watoto kwa sauti. Angalia ni ukurasa gani wanasogea karibu, na ni upi wanaanza kuchezea kamba za viatu. Hayo ndiyo mzazi anataka kujua.

Halafu kagua picha, kwa makini kuliko maneno. Juzi nilishika kitabu chenye kifaranga wa heroe (flamingo) mwenye rangi ya waridi, nikasikitika kweli. Kifaranga wa heroe ni wa kijivu. Uwaridi huja baadaye, kutokana na mwani anaokula kwenye maji ya magadi. Tena hula kichwa kikiwa kimepinduka, mdomo ukichuja maji. Na kama hadithi inaweka viota Ziwa Nakuru, kumbuka heroe wadogo wa Afrika Mashariki huzaliana hasa Ziwa Natron, Tanzania. Kosa kama hilo litaje kwa upole, pamoja na ukurasa wake, maana mtoto huamini anachokiona.

Tazama pia kama mwandishi ameandika "ndege" tu pale alipo mwari au mnandi. Mtoto anahitaji jina lenyewe.

Bei na jalada, sentensi moja inatosha. Mwisho wa hadithi usiufichue. Ukimaliza uhakiki wa kwanza, uweke hapa tuusome.