Mtoto wa mbwa kwenye sakafu ya mbao: anza na miguu yake

Siku ya nne tangu Simba aje nyumbani nilimkuta amesimama kwenye ukingo wa zulia la sebuleni, miguu ya mbele imegota pale pale zulia linapoishia, analia. Bakuli lake la maji lilikuwa ng'ambo, hatua nne tu za mtu mzima. Jana yake alikuwa ametimua mbio akitaka kukata kona, miguu ya nyuma ikamtoka, mmoja huku mwingine kule, akaanguka kifudifudi na kuserereka hadi ukutani. Hakuumia. Lakini alikuwa ameshaamua kwamba hiyo mbao haikanyagiki tena, na alikuwa radhi ashinde na kiu. Alikuwa na umri wa wiki tisa.

Mimi hadi siku hiyo nilikuwa nahangaikia mkojo. Kila niliyemwambia kwamba naleta mtoto wa mbwa aliniuliza swali lile lile: na hiyo sakafu yako je? Basi nikajipanga kwa vitambaa, ndoo na dawa za kusafishia. Hakuna aliyenidokezea kwamba sakafu nayo inaweza kumtesa mbwa. Ndiyo maana nakuomba, wewe unayejiandaa kumleta wako, uanze na miguu yake. Doa la mkojo linaondoka, na hata lisipoondoka, ubao unabadilishwa. Nyonga haibadilishwi kirahisi hivyo.

Mbwa anapokimbia hukita kucha zake ardhini ili apate kujisukuma. Kwenye udongo au majani kucha zinazama. Kwenye mbao iliyopakwa vanishi hazina pa kuzama, zinapita juu kwa juu, na mzigo wote unabaki kwenye misuli ya mapaja ambayo kwa mtoto bado haijakomaa. Mifupa yake nayo ingali inarefuka kutoka kwenye sehemu laini zilizo karibu na ncha zake. Sehemu hizo hukakamaa mbwa anapokaribia mwaka mmoja, na kwa mbwa wa miili mikubwa huweza kuchukua hadi mwaka na nusu. Kuteleza mara moja si msiba. Kinachonitia hofu ni kuteleza kila siku, kila kona, kwa miezi, hasa kama mbwa wako ni wa ukoo unaojulikana kwa matatizo ya nyonga, mfano German Shepherd au Labrador.

Kwa hiyo nilimtengenezea njia. Nilikaa sakafuni siku nzima ya mapumziko nikamwangalia anapopita: kitandani kwake kwenda kwenye bakuli, kwenye bakuli kwenda mlangoni, mlangoni kurudi sebuleni. Huko kote nikatandika mazulia membamba na marefu. Huna haja ya kufunika nyumba nzima. Funika mapito, funika kona anazokata kwa mbio, na funika mahali anapotua akishuka kitini au ngazini. Chini ya kila zulia weka kitu cha kulizuia lisihame, maana zulia linalohama ni baya kuliko kutokuwa na zulia kabisa. Ila chunguza hicho unachoweka. Baadhi ya mipira na plastiki hushikana na vanishi na kuacha alama ya manjano isiyotoka. Soma maelezo uone kama inafaa kwa mbao, na kila baada ya siku chache funua zulia uangalie kama kuna unyevu umejificha chini.

Kumrudishia imani kulichukua kama wiki moja. Nilitandika mazulia mawili yakigusana, nikamwita kwa kipande kidogo cha nyama, akapita. Kesho yake nikayatenganisha kwa upana wa kiganja. Akanusa ule mwanya, akaunyoosha mguu mmoja kama anayepima kina cha maji, akavuka. Kila siku nikaongeza kidogo. Sikumvuta kwa kamba hata mara moja, wala sikumbeba na kumweka katikati ya sakafu tupu ili azoee. Mbwa aliyeogopa akilazimishwa huongeza hofu, na akiogopa hukaza miguu na kutoa kucha, na hapo ndipo anapoteleza zaidi.

Kucha zenyewe zikate mapema na mara kwa mara. Ukisikia tak-tak-tak anapotembea, zimeshakuwa ndefu. Mimi nakata ncha tu kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa sababu ndani ya ukucha kuna nyama yenye mshipa wa damu, na ukiifikia mara moja mbwa hasahau. Kwa kucha nyeusi, kata kwa vipande vyembamba huku ukitazama pale ulipokata: ukiona kidoa katikati, acha. Angalia pia manyoya yanayoota kati ya vidole. Yakirefuka yanafunika ngozi ya chini ya nyayo, na mbwa anakuwa kama mtu aliyevaa soksi kwenye vigae.

Sasa mkojo. Mtoto wa wiki nane au tisa hawezi kujizuia, na si ukaidi. Mtoe nje kila anapoamka, kila anapomaliza kula, kila anapomaliza kucheza, na katikati ya hapo kama kila saa moja mchana. Kabla ya kukojoa huwa ananusa chini, anazunguka mahali pamoja, au anaacha mchezo ghafla na kujiondokea. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonichukua muda kuitambua. Akikojoa ndani, usimpige wala usimsugue pua kwenye mkojo. Atakachojifunza ni kukojoa ukiwa humwoni, na kwenye sakafu ya mbao, mkojo usiouona ndio unaoharibu.

Nalijua hilo kwa sababu nimelilipia. Nyuma ya kochi Simba alijipatia kona yake, nami sikugundua hadi wiki kadhaa zilipopita. Mkojo ukifutwa mapema juu ya vanishi nzima haufanyi kitu. Ukiachwa, unapenya kwenye maungio ya mbao ambako vanishi haifiki, unaingia ndani, mbao zinafura kingoni, na amonia inayotokana na mkojo unapochacha inakutana na tanini, kemikali ya asili iliyomo kwenye mti. Mti wenye tanini nyingi, kama mwaloni, unageuka mweusi. Nilijaribu hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, nikiloweka kitambaa na kukilaza juu ya doa. Weusi ulipungua kweli, lakini na rangi ya mbao ikapauka, ikabidi sehemu hiyo ipigwe msasa na kupakwa vanishi upya. Ukitaka kuijaribu, anzia mahali pasipoonekana.

Kwa mkojo mbichi, bonyeza kitambaa kikavu, usisugue, maana kusugua kunausukuma kwenye nyufa. Kisha tumia dawa yenye vimeng'enya inayofaa kwa mbao, kwa sababu ndiyo inayovunja kile kinachobaki na harufu. Kwako sakafu inaweza kunukia safi huku pua ya mbwa ikimwambia choo kiko hapa. Dawa zenye amonia ziepuke kabisa, zinanuka kama mkojo wenyewe. Siki watu wengi wanaisifu, mimi siitumii: ni asidi, na ukiizoesha inafifisha mng'ao wa vanishi. Usimwage maji kwa ndoo wala usitumie mashine ya mvuke. Kitambaa kiwe na unyevu tu, na mbwa asipite hadi pakauke.

Hapa kuna mgongano ambao ni vizuri uujue mapema. Zulia linalomsaidia asiteleze ni laini na linanyonya, na watoto wengi wa mbwa hupenda kukojoa palipo laini. Wangu alifanya hivyo karibu mwezi mzima. Sikuyaondoa. Nilichagua mazulia yanayoingia kwenye mashine ya kufulia, nikanunua mengine ya akiba, na kila niliposhindwa kumtazama nikamweka kwenye eneo dogo lenye uzio. Vile vitambaa vya kukojolea kwa mazoezi ukivitumia, viweke ndani ya trei, maana mkojo hufurika pembeni. Bakuli la maji nalo liwe juu ya trei.

Meno ya utotoni huanza kung'oka karibu na mwezi wa nne, 28 yanatoka na 42 yanaingia, na kipindi hicho pembe za mbao za ukutani huwa tamu sana kwake. Mpe kitu kigumu cha mpira cha kutafuna na uwe karibu. Mikwaruzo midogo ya kucha itakuwepo tu, hata ufanye nini. Fagia mchanga kila siku, kwa sababu mchanga chini ya nyayo unakwaruza kuliko kucha.

Alipotimiza miezi minane nilianza kuondoa mazulia, moja kila wiki mbili, nikianzia yale ya sehemu zilizonyooka ambako hana haja ya kukata kona. Aliposita mahali, nilirudisha zulia na kungoja. La chini ya ngazi halijatoka hadi leo, na sina mpango wa kulitoa.