Ile chunusi ya asubuhi

Mhariri, swali lenu la wiki hii, "Ni jambo gani kuhusu mwanao aliyebalehe ulilielewa kwa kuchelewa?", limenigusa pabaya. Langu ni hili: nilidhani binti yangu anakuza mambo, kumbe alikuwa ananieleza anavyoyaona kweli.

Alikuwa na miaka 13. Asubuhi moja aligoma kwenda shule kwa sababu ya chunusi moja puani. Alisimama mbele ya kioo, kiganja kimefunika pua, machozi yakimlengalenga. Nikamwambia, "Hebu acha hayo, nani ana muda wa kukuangalia wewe?" Niliona namfariji. Akaingia chumbani, akafunga mlango polepole. Angeubamiza ningeumia kidogo. Wiki kadhaa baada ya hapo nilikuwa napata "sawa" na "hamna kitu", basi.

Baadaye nikasoma habari za David Elkind, mwanasaikolojia wa Marekani. Mwaka 1967 aliandika kwamba kijana wa umri huo huishi kama mtu aliye jukwaani: anaamini wote wanamtazama, na dosari anayoiona yeye wanaiona na wao. Hiyo akaiita hadhira ya kufikirika. Akili ya kijana ndiyo kwanza imepata uwezo wa kuwaza yaliyomo kichwani mwa wengine, ila bado haijatenganisha vizuri wanachowaza wao na kinachomsumbua yeye. Niliposoma hayo niliona aibu. Kwangu ile ilikuwa chunusi. Kwake ilikuwa ukumbi uliojaa watu pomoni, nami nikamwambia hakuna mtu.

Yapo na ya mwili, najua: homoni, usingizi unaochelewa kuja usiku, na sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima mambo na kuzuia pupa, ambayo huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia miaka 25. Lakini wazazi tumezoea kuzibebesha homoni kila kitu, na hapo sikubaliani kabisa. Kijana akiambiwa "ni umri tu, utapita", anachosikia ni kwamba maumivu yake si ya kweli. Siku nyingine akiumizwa zaidi hatakuja kwako.

Siku hizi simkalishi kitako tukatazamana macho kwa macho. Maongezi yetu huja mikono ikiwa na kazi. Ilikuwa hivyo jioni niliyomwomba radhi, tunaosha vyombo, yeye macho kwenye povu. Hakunijibu. Alisuuza kikombe kimoja kwa muda mrefu, kisha akasema rafiki yake kipenzi amehamia kundi jingine na hawasalimiani tena.

Ulimi ulishaanza kusema, "Utapata wengine." Nikaumeza. Nikamuuliza, "Ilianza lini?"

Vyombo vikaisha, maji kwenye beseni yakapoa, naye bado anasimulia.