Bangili ya reivu haiuzwe, inapeanwa

Yaya, jambo. Niko na miaka 19, ninaishi Katuba. Mwezi ya saba kuko soare ya muziki ya elektro mu parsele ya rafiki, banasema kila mutu avae kama bantu ya reivu, zile soare za elektro za kucheza mpaka asubui. Nimeona tu mu video, bangili mingi ya rangi na kila mutu anacheza peke yake. Kaka yangu anasema ni mambo ya bazungu na ya madawa, nisiende. Nivae nini, na nicheze namna gani? Na zile bangili, naweza kutengeneza nikauza pale?
*Mudogo wa Katuba*

Mudogo wangu, tuanze na kaka yako, juu kuko kintu moja kikubwa hajue. Hii muziki ilitoka kwa bantu beusi. Hausi, aina moja ya elektro, ilizaliwa Chicago, Marekani, mu klabu Warehouse kwenye DJ Frankie Knuckles alianza kupiga 1977, na tekno, aina ingine, ilitoka Detroit kwa Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson, bijana beusi batatu. Baingereza baliipokea nyuma, 1987 na 1988, bakaanza kucheza mu madepo matupu na mu mashamba mpaka asubui, na hiyo njo baliita reivu. Leo iko hata karibu yetu, Uganda kuko festivali ya Nyege Nyege tangu 2015, na Dar es Salaam kuko muziki ya singeli yenye inapita mapigo 200 kwa dakika. Kwa hiyo umwambie kaka ni bintu yetu yenye ilizunguka dunia ikarudi.

Kwa madawa, hapo ana haki ya kuogopa na mi sitakudanganya. Vidonge bilikuwemo tangu mwanzo na biliua bantu, mwili inapata joto mupaka inashindwa. Mutu akikupa kidonge, kataa. Kunywa maji kidogo kidogo, toka inje upumuzike, na kinywaji yako usiiache ku meza.

Sasa nguo. Hapa Lubumbashi tumezoea kuvaa juu batuone, mutu anatoka na kilatu inangaa na anatembea polepole ku barabara ili ujue. Mu reivu unavaa juu utoke jasho. Yale madepo ya Uingereza hayakuwa na madirisha, bantu mamia, joto kama mu tanuru, njo maana balichukua tishati kubwa, suruali ya upana, basketi, na salopete. Salopete! Nani hapa kwetu hana salopete mu nyumba? Mi nilivaa ile ya baba, ya bluu, magoti imepauka, na ile chuma ya bretele ilikuwa inaniuma ku bega mpaka nikaishusha nikafunga ku kiuno na singileti nyeupe juu. Nilicheza mpaka saa kumi na moja ya asubui na hakuna mutu aliniuliza bei wala marke. Basi usinunue kintu, angalia kwanza mu kabati, halafu mu balo. Na ubebe pulovere ya kurudi nayo, mwezi ya saba baridi ya usiku ya hapa inakata, na jasho ikikukaukia ku mugongo utakohoa wiki mbili.

Kucheza, usiogope kabisa. Hautafute mwenzi, hakuna mutu anakuja kukuomba. Kama unataka hatua moja ya kujifunza, chukua ile ya Melbourne, Australia, banaita shafuli: unainua goti ya kuume, wakati unashusha muguu ile, ya kushoto inateleza nyuma, unabadilisha, unaonekana unakimbia na hauendi popote. Kiuno inatulia, kazi yote iko ku miguu, na hapo njo siye ba ndombolo tunateseka siku za kwanza! Ba Melbourne balikuwa banamwanga poda ya talki chini ili basketi iteleze. Mu parsele ya hapa vumbi yetu nyekundu itafanya hiyo kazi bure.

Na bangili, mudogo, hapo sikiliza muzuri. Usiuze. Marekani zinaitwa kandi, ni bushanga ya plastiki ku elastike, unatunga wewe mwenyewe nyumbani, unaandika jina ao neno ndogo na zile za herufi, unaenda umejaza mukono. Mukikutana na mutu mumecheza pamoja muzuri, munafanya ishara nne. Bidole mbili bikutane, hiyo ni amani. Kila mutu anafanya nusu ya moyo na mukono, upendo. Biganja bigusane, umoja. Halafu munafungia bidole ndani ya bidole, heshima, na wakati mikono imeshikana vile unasukuma bangili itoke ku mukono yako iingie ku yake. Ile maneno nne inahusishwa na DJ Frankie Bones wa Brooklyn, mwanzo wa miaka ya 1990. Mi ningali na moja ya kijani, mwenye alinipa sikumuona tena na jina yake ilikuwa kelele sikusikia, lakini nikiishika namuona. Ukiweka bei pale juu, itakuwa bushanga tu ya soko. Kama unatafuta feza, uza maji na mikate.

Yaya, kijana yangu amerudi na tishati ya njano yenye sura inacheka, na filimbi ku shingo. Bajirani banasema ni alama ya sekte. Ni kweli?
*Tata wa Kampemba*

Hapana, tata, pumuzika. Ile sura ilichorwa 1963 na Harvey Ball, Mumarekani, kwa kampuni moja ya bima yenye ilitaka bafanyakazi bake batabasamu, balimulipa dola 45. Klabu Shoom ya London, yenye ilifunguliwa mwisho ya 1987, iliiweka ku matangazo yake na bantu bakaivaa. Filimbi ni ya kupiga wakati muziki inapanda. Umuombe tu asiipige mu nyumba saa ya kulala, na siku ya soare muulize inafanyika wapi na anarudi na nani.