Programu ya duka la nafaka: anzia kwenye debe, si kwenye skrini

Anayetengeneza programu ya duka la nafaka hapa Moshi akianza na vitufe na rangi, amekwishaiharibu. Nenda kwanza soko la Mbuyuni, ukae karibu na mizani asubuhi moja. Mahindi yanaingia kwa gunia, yanatoka kwa debe, sado, kilo na nusu kilo. Kazi iko hapo.

Kosa linalorudiwa mno ni kuiambia programu kwamba debe ni kilo 20. Debe ni kipimo cha ujazo, lita 20, si cha uzito. Debe la maharage na la alizeti hayalingani kwenye mizani, na hata mahindi ya shamba moja hubadilika kadiri yanavyokauka. Mkono wa anayejaza nao una mambo yake. Kwa hiyo uzito wa debe usikae kwenye jedwali la vipimo, ukae kwenye kila mzigo unaoingia. Pima madebe matatu: yakitoa kilo 17.6, 18.1 na 17.7, wastani ni 17.8. Andika gramu 17800.

Gramu, tena namba nzima bila nukta. Kompyuta huweka desimali kwa mfumo wa 0 na 1, na humo 0.1 haiandikiki kikamilifu. Ndiyo maana lugha nyingi za programu zikijumlisha 0.1 na 0.2 hutoa 0.30000000000000004. Mauzo yakirundikana, mahindi yaliyokwisha stoo yatasomeka kuwa bado yapo, chembe ya chembe. Shilingi nazo ziwe namba nzima. Kilo ikiwa 1,250, nusu kilo ni 625, na chenji ya 25 hakuna mwenye nayo, basi muulize mwenye duka anaifikisha ngapi.

Bei iliyouzwa iandikwe kwenye mstari wa mauzo wenyewe. Ukiisoma kutoka orodha ya bidhaa, bei ikipanda kesho ripoti ya wiki iliyopita nayo inabadilika. Kitufe cha kufuta mauzo kisiwepo kabisa: daftari hukatwa mstari, halichanwi ukurasa. Mauzo yakikosewa, weka mstari mpya wa kuyarudisha.

Kabla ya kukabidhi, ingiza daftari la wiki nzima iliyopita, kisha linganisha na fedha za droo. Kisha mpe muuzaji programu aitumie, usimweleze chochote. Anaposita kidole hewani, hapo muundo wako ndio una kasoro, si yeye.

Halafu kuna kinachosahaulika: upungufu. Mahindi hukauka, panya hula, gunia huvuja. Ukiingiza kilo 1,000 na mauzo yakaishia 985, programu isiyo na mstari wa upungufu na sababu yake itamfanya tajiri amtazame kijana wa kaunta kwa jicho baya. Huo mstari uweke tangu toleo la kwanza.