Nikikutwa nimelala, nitaachwa?

SWALI: Shikamoo Bibi. Mimi ni fundi cherehani hapa Chake Chake, mjane wa miaka 36. Tangu Kwaresima kundi letu la maombi linakesha kila usiku. Kiongozi wetu anasema dalili zote zimetimia, Bwana yu mlangoni, na atakayekutwa amelala ataachwa nje kama wale wanawali watano. Ametutaka tuache biashara. Mwanangu yuko kidato cha pili, nimemsimamisha skuli ili tukeshe naye. Bibi, nimechoka. Juzi usingizi ulinichukua saa nane za usiku katikati ya maombi, nikazinduka nalia. Kabati limejaa nguo za watu na wenyewe wananigongea mlango. Bwana akija nimelala, nitaachwa? Nifanye nini niwe tayari?
*Fundi, Chake Chake*

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza kalale. Barua yako nimeirudia mara mbili, na mistari ya mwisho imeteremka hadi pembeni mwa karatasi. Usiku wa leo, ukishasema Baba Yetu, zima taa.

Ukiamka, fungua Mathayo 25, kisa cha wanawali kumi waliomngoja bwana arusi na taa zao, usome mstari wa 5 peke yako, kiongozi asiwepo: "Hata bwana arusi alipokawia, wote wakasinzia wakalala usingizi." Wote! Wale watano wenye busara nao walikoroma. Aliyefungiwa mlango hakufungiwa kwa ajili ya usingizi. Alifungiwa kwa sababu mchana, maduka yangali wazi, hakutia mafuta chomboni. Najua utajibiwa kwa mstari wa 13, "kesheni". Sawa, lakini Bwana alilisema neno hilo akimaliza kisa ambacho hata waliosifiwa ndani yake walilala. Huko kukesha basi kutakuwa kwa namna nyingine, wala si kushindana na kope.

Mimi mfano huu umeniingia uzeeni, kwa aibu. Mei 2008 waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme Unguja ulipata hitilafu, tukakaa gizani karibu mwezi mzima. Nikajiapiza kwamba mafuta ya taa hayatakosekana tena nyumbani kwangu. Umeme uliporudi nikaosha kandili, nikasugua kioo kwa majivu, nikalitundika jikoni linang'aa. Mafuta sikununua. Tarehe 10 Desemba 2009 waya ukaharibika tena, na safari hii taa hatukuziona mpaka Machi 2010. Krismasi hiyo niliila gizani, kandili zuri limening'inia juu ya kichwa changu. Ndiyo maana wale wanawali wapumbavu siwacheki. Taa walikuwa nazo.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, bibi mwenzangu, Mwislamu, ambaye naye kwa mafundisho ya dini yake anangoja Nabii Isa ateremke. (Huwa tunataniana barazani nani atamwona kwanza.) Akanimiminia nusu chupa. Nikashukuru, kisha nikakaa nikiwaza: mbona huyu amenigawia, na wale wenye busara wa Injili wakasema "Sivyo, hayatatutosha sisi na ninyi"? Tangu utotoni niliwaona wachoyo tu.

Nilikuja kuelewa kwa jambo lisilohusiana na taa. Miaka minne mimi na dada yangu tulikuwa hatusemezani, sababu mikarafuu michache aliyotuachia marehemu baba huko kwenu. Jirani aliweza kunipa mafuta, lakini hakuweza kumsamehe dada yangu kwa niaba yangu. Padri wangu pia hakuweza. Hilo haligawiki na haliazimwi. Nikapanda meli hadi Mkoani, nikatapika njia nzima, nikafika mlangoni kwake sina hata nguvu za kusema niliyoyapanga. Aliniwekea maji ya kuoga. Mikarafuu hatukuitaja mpaka siku ya tatu.

Sasa tuje kwenye kabati lako, maana ndipo swali lako la pili lilipo. Nyinyi mafundi "njoo kesho" zenu zinajulikana toka Kojani mpaka Makunduchi. Mama yangu alikuwa fundi, nasema ninachokijua. Kila nguo humo umeipokelea arabuni. Na Paulo, katika Waefeso 1:14, anamwita Roho Mtakatifu "arabuni ya urithi wetu". Neno hilo wewe unalijua kuliko kiongozi wako: anayetoa arabuni ameshakusudia kurudi kuchukua kilicho chake. Wewe umeshatolewa arabuni, mwanangu. Anayekuja hakuvizii akukute umesinzia.

Kwa hiyo toa nguo moja moja. Aliyeahidiwa kwanza ashonewe kwanza. Vile vitambaa vinavyobaki, ambavyo mteja huambiwa vimeishia kwenye mikono, mrudishie pamoja na gauni lake. Kama yuko uliyekosana naye, mwendee kabla hujamaliza kabati. Usiku sali, ulale. Mkiamua kukesha mkesha wa Pasaka au usiku mmoja wa maombi, ni vizuri, mimi mwenyewe hukesha. Lakini kila usiku, pamoja na mtoto, sikubali.

Huyo kiongozi simjui, simhukumu. Ila wa namna yake wamewahi kuwapo. Huko Marekani wafuasi wa mhubiri William Miller walimngoja Bwana tarehe 22 Oktoba 1844, wengine wakaacha mazao yao yasivunwe. Kulipokucha walikuwa na machozi. Harold Camping, mhubiri wa redio wa huko huko, naye akataja 21 Mei 2011. Bwana alisema siku ile na saa ile hakuna aijuaye. Na Wathesalonike walipoanza kuacha kazi, Paulo aliwaandikia kwa ukali kwamba asiyetaka kufanya kazi, asile. Msomee kiongozi wako 2 Wathesalonike 3 yote, kwa upole, mbele ya kundi. Akikasirika, rudi kwenye cherehani yako.

Mtoto arudi skuli Jumatatu, ana mtihani wa kidato cha pili. Na kabla ya hapo mtazame suruali ya sare. Kwa umri huo lazima imeshampanda vifundoni.